Mwanga Usioonekana Unaokata Chuma: Tuujue Kabla Haujatuharibu Macho

Leo nakuomba tuziweke siasa za kaunti kando, tuzungumze kazi ya mikono.

Juzi nilipita karakana ya mpwa wangu huko Kisauni. Nilimkuta ameinamia bati la stenlesi, anaunganisha sinki la jikoni la mkahawa mmoja. Mkononi alishika kitu mfano wa bunduki ndogo, kimeunganishwa kwa waya mnene na sanduku lililo sakafuni. Hapakuwa na zile cheche za kuruka mpaka barabarani, wala rundo la vijiti vya kuchomelea. Mshono ulikuwa mwembamba, umenyooka kama mshono wa kanzu ya Idi. Nikasema mashallah.

Kisha nikamtazama macho. Alikuwa amevaa miwani ya jua, ile inayouzwa ufuoni.

"Mwanangu, miwani gani hiyo?"

"Hii yatosha, mjomba. Huu si moto kama ule wa zamani. Mwanga wenyewe ndio huu mwekundu, mdogo tu." Akanionyesha nukta nyekundu juu ya bati.

Nilimwomba aizime mashine. Ile nukta nyekundu siyo inayochomelea. Ni taa ya kuelekeza tu, imewekwa ili fundi ajue mahali atakapopiga. Mwanga unaoyeyusha chuma hauonekani kabisa kwa jicho la mwanadamu. Mpwa wangu alikuwa ameshika kitu kinachoyeyusha stenlesi, naye akidhani kile anachokiona ndicho chote kilichopo.

Mimi nina diploma ya ufundi wa mitambo na nimekata mabati kwa miaka mingi kabla kalamu haijanichukua. Nilipotoka pale niliona ni deni kuliandika jambo hili, maana mashine hizi za leza zinaingia mjini kwetu kwa kasi, na maelezo yake hayaji nazo.

Joto linalosafiri bila kugusa

Joto humfikia mtu kwa njia tatu. Ukishika sufuria ya moto, limekufikia kwa kugusa. Upepo wa moto ukikupuliza, limekuja kwa hewa. Lakini ukisimama juani Mwembe Tayari saa saba mchana, joto linalokuchoma limetoka kwenye jua lenyewe, limepita anga tupu isiyo na hewa, likafika mwilini mwako kama mwanga. Hilo ndilo joto la mionzi. Mafundi wetu wanalifahamu kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana kazi yao ikaitwa jua kali.

Jua la utosini siku isiyo na mawingu huangusha takriban wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba ya ardhi. Ukianika bati hapo litakuwa la moto, pengine usiweze kulishika, lakini haliyeyuki. Wati zile 1,000 zimetandazwa kama mkeka. Sasa chukua kioo cha kukuza, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni kuchoma majani makavu, uukusanye mwanga mahali padogo. Joto halikuongezeka kwa jumla yake, lakini limebanwa. Jani linatoa moshi, kisha linawaka.

Leza ndiyo kubana huko kulikofikishwa mbali. Mashine ya wati 1,000 hutoa kiasi kile kile cha nguvu kilichotandazwa na jua kwenye mita moja ya mraba, lakini huweza kukibana ndani ya nukta yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Piga hesabu utaona kuwa mahali hapo mwanga ni mkali zaidi ya mara milioni mia moja kuliko jua la mchana. Chuma huyeyuka karibu digrii 1,500, na hapo hakina pa kukimbilia.

Kutoka Baghdad hadi karakana

Wazo la kutumia mwanga kama moto si geni, na sisi tuna sehemu yetu katika historia yake. Karibu mwaka 984, mwanachuoni Ibn Sahl aliandika risala juu ya vioo na lenzi za kuunguza. Humo alieleza namna mwanga unavyopinda unapoingia kwenye kioo, kwa kanuni ambayo Ulaya iliifikia zaidi ya miaka mia sita baadaye. Baada yake akaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, ambaye mbali na kitabu chake kikubwa juu ya kuona aliandika pia kuhusu vioo vya kuunguza vyenye umbo la bakuli.

Njia hiyo ya vioo ingali hai. Huko Odeillo, katika milima ya Pyrenees nchini Ufaransa, kuna tanuri la jua lenye vioo 63 vinavyolifuata jua na kuutupa mwanga wake kwenye kioo kimoja kikubwa kilichopinda. Mahali mwanga unapokutania, joto hupita digrii 3,000. Wataalamu hulitumia kupima madini na vyuma.

Lakini mwanga wa jua una kikomo. Jua tunaliona kama sahani, si kama nukta, na mwanga wake hutujia kutoka pande zote za sahani hiyo. Ukibana vipi, utapata picha ndogo ya sahani, hupati ncha ya sindano. Wala huwezi kuupasha moto kitu kwa vioo kikashinda uso wa jua lenyewe, ambao ni karibu digrii 5,500.

Leza ilivunja kikomo hicho kwa sababu mwanga wake hutoka kwa mpangilio, mawimbi yote ya urefu mmoja na yakienda pamoja, kama askari wa gwaride. Albert Einstein aliitaja kanuni yake mwaka 1917. Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, Marekani, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kwa kutumia jiwe la rubi. Mwaka 1964 Kumar Patel, mhandisi aliyezaliwa India, alitengeneza leza ya gesi ya kaboni dioksidi. Na mwaka 1967, katika taasisi ya uchomeleaji karibu na Cambridge nchini Uingereza, Peter Houldcroft alielekeza leza ya gesi kwenye bati la chuma la unene wa milimita moja, akapuliza oksijeni mahali pale pale. Bati likakatika. Mageti yenye nakshi unayoyaona leo Nyali na Bamburi ni wajukuu wa bati lile.

Namna bati linavyokatwa

Mashine nyingi zinazoingia sasa ni za faiba. Mwanga huzaliwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo uliochanganywa na madini ya iterbiamu, husafiri ndani ya uzi huo kama maji ndani ya mpira, kisha hupita kwenye lenzi iliyo kichwani mwa mashine. Leza za zamani za gesi hugeuza karibu sehemu moja tu kwa kumi ya umeme kuwa mwanga. Za faiba hufikisha takriban thuluthi moja. Kwa bei ya umeme tuliyo nayo, si tofauti ya kupuuza.

Mwanga huyeyusha chuma, lakini chuma kilichoyeyuka kikibaki pale kitaganda tena. Kwa hivyo kando ya mwanga hutoka gesi kwa nguvu, inasukuma majimaji yale yatoke upande wa chini. Uchaguzi wa gesi ndio ufundi wenyewe:

Oksijeni hutumika kwa chuma cha kawaida. Haisukumi tu, bali inakiunguza chuma na kuongeza joto, kwa hivyo hukata hata mabapa manene. Ubaya wake ni kwamba huacha utando mweusi ukingoni. Usipousugua kabla ya kupaka rangi, rangi itabanduka pamoja nao, na kwa chumvi ya bahari yetu hutangoja sana.

Nitrojeni hutumika kwa stenlesi na alumini. Yenyewe haiunguzi chochote. Husukuma tu, na ukingo hubaki mweupe unaong'aa.

Hewa ya kompresa hutumika kwa mabati membamba, pale mtu anapotaka kupunguza gharama. Hewa hiyo lazima iwe kavu na isiwe na mafuta, la sivyo lenzi itaharibika.

Njia inayoachwa na leza kwenye bati jembamba ni chini ya nusu milimita, ilhali diski ya grainda hula milimita moja hadi tatu. Jambo la pili ni joto. Kila fundi anajua uchungu wa kuchomelea bati jembamba. Unamaliza mshono, unageuka, bati limejikunja kama papa mkavu. Hujikunja kwa sababu joto limeenea pembeni, sehemu moja imetanuka na nyingine haikutanuka. Leza hupiga mahali padogo na kuondoka haraka, kabla joto halijapata nafasi ya kutembea. Ndiyo maana sinki la mpwa wangu lilikuwa limenyooka vile.

Kwa mabati ya paa na yale yaliyopakwa zinki kuna la ziada. Zinki huyeyuka karibu digrii 420 na hugeuka mvuke karibu digrii 907, kabla chuma chenyewe hakijayeyuka. Kwa hivyo kando ya mkato zinki imeshaondoka. Hapa Pwani, ukingo huo upakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Macho hayana pazia

Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuchomelea kwa umeme bila kinyago, kazi ya dakika chache tu. Usiku ule sikulala. Macho yalikuwa kama yamejazwa mchanga, marehemu mama akaniwekea vipande vya viazi vibichi, nami naapa sitarudia. Baada ya siku mbili nikaona vizuri. Ule ulikuwa mwanga wa jua bandia unaounguza ngozi ya mbele ya jicho, na ngozi ile hupona. Maumivu yale yalikuwa mwalimu.

Leza ya faiba haina mwalimu huyo. Jicho letu huona mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Leza ya faiba iko karibu na nanomita 1,070. Hatuuoni, lakini jicho linaupitisha. Unaingia kwenye mboni, lenzi ya jicho inaubana kama inavyobana mwanga mwingine wowote, na kuutua kwenye retina, ngozi ya nyuma ambayo ndiyo inayoona. Kwa kuwa hauonekani, hutapepesa. Kwa kuwa retina haina mishipa ya maumivu, huenda usisikie kitu. Unakuja kugundua baadaye kuna doa katikati ya kile unachokitazama, na retina iliyoungua hairudi kama ilivyokuwa.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walikuwa na maana yao, lakini kwa leza ni kweli tupu.

Mambo matatu mafundi wetu huyakosea:

Giza la kioo si kinga. Miwani ya jua inapunguza mwanga unaouona, na huenda ikaupitisha ule usiouona. Hata kioo cha kinyago cha kuchomelea kwa umeme hakikutengenezwa kupokea leza iliyobanwa. Miwani ya leza huandikwa urefu wa wimbi inaouzuia, na herufi OD pamoja na namba. OD 6 maana yake ni kwamba sehemu moja tu kwa milioni ndiyo inayopita. Kama mashine ni ya 1,070, namba hiyo lazima iwe ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye miwani. Miwani isiyo na maandishi ni pambo.

Mwanga huruka. Stenlesi iliyong'arishwa na alumini ni vioo. Mwanga unaokosa pembe yake unaweza kurudi juu, ukagonga ukuta, ukatoka mlangoni. Mwanga wa kuchomelea kwa umeme hutawanyika na kufifia haraka kadiri unavyosogea mbali nao. Wa leza unaweza kwenda mbali ukiwa bado na madhara. Karakana zetu ziko wazi barabarani, na saa kumi watoto wanatoka chuoni na misahafu yao kifuani, wanasimama kutazama. Fundi mwenye miwani amejilinda yeye peke yake.

Kuna klipu ya usalama. Mashine nyingi za kushika mkononi huja na klipu inayobanwa kwenye bati, na mwanga hautoki mpaka ncha iguse bati hilo. Nimesikia mafundi wakijisifu kuwa wameifungia klipu hiyo kwenye bunduki yenyewe ili wafanye kazi haraka. Ndugu yangu, hapo umeondoa breki ili gari likimbie.

Kimataifa leza hupangwa kwa madaraja, la 1 hadi la 4. Mashine ya kukatia iliyofungwa ndani ya sanduku lake inaweza kuwa ya daraja la 1, maana mwanga hautoki nje. Ile ya kushika mkononi ni daraja la 4, la juu kabisa, hata kama umbo lake ni dogo.

Moshi na maziwa

Kwa kuwa leza haitoi moshi mzito, watu hudhani hakuna moshi. Upo, na vumbi lake ni jembamba zaidi. Mvuke wa zinki huleta homa: saa chache baada ya kazi mtu hutetemeka, mwili humuuma, mdomoni huonja ladha ya chuma. Kwa kawaida huisha siku moja au mbili. Hapa kwetu homa ya namna hiyo hudhaniwa malaria. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari kazi uliyoifanya siku hiyo.

Moshi wa stenlesi una kromiamu, na huo si wa kufanyia mzaha. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Na yale maziwa tunayokunywa tukiamini yanasafisha? Maziwa huenda tumboni. Moshi uko mapafuni. Kinachofaa ni feni ya kuvuta moshi pale pale unapotokea, na barakoa ya kuchuja.

Tena usikate kwa leza kitu chochote cha PVC, hata ule utando wa plastiki uliobandikwa juu ya bati kama hujui ni wa aina gani. PVC ikiungua hutoa gesi yenye klorini inayounguza mapafu na kuila mashine yako.

Kabla ya kutoa pesa

Kwa vijana wanaochanga pesa za chama kununua mashine, na kwa wanaoajiriwa kuitumia, ulizeni haya. Kuuliza si ujinga.

Urefu wa wimbi wa mashine ni nanomita ngapi, na ni ya daraja gani? Muuzaji asiyejibu hili haijui anayoiuza.

Je, miwani inakuja nayo, mingapi, na imeandikwa nini? Hesabu kila mtu anayeingia chumbani, si fundi peke yake.

Chumba kina kuta na mlango unaofungika? Kama hakina, jengeni kabla mashine haijafika.

Lenzi na vioo vya akiba vinapatikana Mombasa, au vinangojwa wiki kadhaa kutoka ng'ambo?

Nani atafundisha, kwa siku ngapi? Kuonyeshwa kwa dakika ishirini si mafunzo.

Na kwa aliyeajiriwa: sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Si hisani ya tajiri. Ukiambiwa ununue mwenyewe, jua kuwa sheria iko upande wako.

Kazi itabaki kwa nani

Wako wazee wa grainda wanaoniambia leza itawanyima riziki. Siwezi kuwadanganya kuwa hakuna kitakachobadilika. Kazi ya kukata nakshi kwa mkono siku tatu, mashine inaikata kabla ya adhuhuri. Lakini mashine haijui geti linakaaje kwenye ukuta uliopinda, wala wapi chumvi itaanza kula. Na inafuata mchoro ulioingizwa kwenye kompyuta. Mingi ya michoro hiyo leo inashushwa kutoka mtandaoni, ilhali sisi ni watoto wa watu waliochonga milango ya Lamu. Kijana wa Pwani akijifunza kuchora kwa kompyuta, nakshi ya babu yake inaweza kurudi mjini juu ya chuma.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana kwa siku hizi ni kuujua mwanga huu, namba zake na hatari zake. Anayeishika bunduki bila kuujua yuko kwenye kuvukuta, tena anavukuta kwa macho yake.

Mpwa wangu aliifunga karakana siku nne akingoja miwani. Mteja wa sinki alipiga simu mara nyingi, akakasirika, akatishia kwenda kwingine. Kijana akaniuliza, "Mjomba, nikimpoteza?" Nikamwambia mteja hutafutwa. Nilipopita tena nilimkuta amevaa miwani yenye maandishi, na mlango ameutundikia bati zito kuziba upande wa barabara. Watoto wa chuo walikuwa nje wamenuna, hawaoni kitu.

Nikawaambia wapite nyumbani salama. Wabillahi tawfiq.